Kabla ya Gor Mahia Kulikuwa na Kikapu

Wasee, leo naongea mpira, na pia naongea njaa ya wazee. Kama wewe ni wa K'Ogalo hii inakuhusu moja kwa moja. Kama wewe ni wa Ingwe usitoroke, utajipata huku ndani pia.

Hoja yangu ni hii. Kwetu Migori na Homa Bay, timu ya mpira na mchango wa kusaidiana vilizaliwa nyumba moja. Baadaye vikatenganishwa. Timu ikakua, ikapata jezi, ikapata nyimbo, ikapata kombe la Afrika. Mchango ukafa. Na wanaolala njaa kwa sababu hiyo hawaji uwanjani wala hawako TikTok. Wako kule Nyatike, Ndhiwa, Uriri na Suba, na wengi wao ndio waliotulea.

Tuanzie Nairobi ya mkoloni. Kijana akitoka South Nyanza (ndivyo Migori na Homa Bay zilivyoitwa zikiwa bado wilaya moja) anapata kazi reli ama jikoni kwa mzungu. Mshahara wake ulipangwa kumtosha yeye peke yake. Serikali ilidhani bibi, watoto na wazazi watakula shamba huko nyumbani. Pensheni kwa Mwafrika wa kawaida hakuna. Bima hakuna. Ukiugua Kaloleni ama Makongeni, ni wewe na watu wenu. Ukifa, mwili unarudi nyumbani vipi?

Jibu lilikuwa mchango. Watu wa lokesheni moja wanakutana Jumapili, kila mtu anatoa senti zake, jina lake linaandikwa kwenye daftari. Vyama hivyo vidogo ndivyo vilivyolea chama kikubwa, Luo Union, ambacho baadaye kilikuwa na matawi mpaka Uganda na Tanganyika. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Ker wake, yaani kiongozi mkuu, katika miaka ya 1950, kabla hata hajawa mwanasiasa wa kitaifa. Diwani Ambrose Ofafa alipouawa Nairobi mwaka wa 1953, watu walichanga wakajenga Ofafa Memorial Hall pale Kisumu. Kama unaishi Ofafa Jericho ama Maringo na hujawahi kujiuliza huyo Ofafa ni nani, basi sasa unajua.

Chama hichohicho kilikuwa na timu ya mpira. Ilikuwa njia ya kukusanya watu. Ukitaka wanaume mia tano wa kwenu wafike mahali pamoja siku ya mapumziko, usiwaitie mkutano, waitie mechi. Wakishafika, mambo ya nyumbani yataongewa. Luo Union ilishinda ligi ya Kenya mwaka wa 1964. Mwaka wa 1968 ikaungana na Luo Stars kuunda klabu mpya, Gor Mahia, na klabu hiyo ikashinda ligi mwaka huohuo. Hilo jina lilitoka kwetu kabisa. Gor wuod Ogada alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, na Kanyamwa iko Ndhiwa, Homa Bay. Luo Union kama timu ilirudi tena uwanjani baadaye, ikabeba kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1976 na 1977.

Kwa hivyo ukiimba jina la Gor pale Nyayo, unaimba jina la mzee wa Ndhiwa. Hiyo peke yake ingefaa kutufanya tufikirie.

Sisemi zamani kila kitu kilikuwa sawa. Luo Union ilikuwa na upande wake mbaya. Iliwafuatilia wanawake waliokuja mjini peke yao, na wengine walirudishwa nyumbani kwa nguvu eti wanaharibu jina la jamii. Tena ulikuwa mchango wa kabila, na mchango wa kabila unamwacha nje jirani ambaye ana njaa ileile lakini jina lake linaanza na herufi tofauti. Migori leo kuna Waluo, Wakuria, Waluhya, Wakisii, Wasomali. Ukirudisha kikapu kile vile kilivyokuwa utafunga mlango kwa nusu ya soko.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mpaka leo hatujapata mbadala wake. Lile daftari. Kulikuwa na mtu aliyejua jina lako, baba yako, boma lenu, na kama kwenu kunaliwa ama hakuliwi.

Halafu ikafika 1980. Serikali ya Moi iliamua vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA ikaenda, Luo Union ikaenda, na vingine vingi. Timu nazo zikaambiwa zitupe majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, ndiyo hiyo Ingwe yenu. Timu ya Luo Union ikawa Re-Union. Gor ikabaki Gor.

Angalia kilichotokea hapo. Timu zilipewa njia ya kuishi: badilisha jina, endelea kucheza. Vyama vya kusaidiana havikupewa njia hiyo. Unaweza kuvaa jezi mpya Jumamosi ijayo na mpira ukaendelea, lakini ukiondoa daftari, kamati, matawi na watu wanaoaminiana na pesa, huwezi kuvirudisha kwa kubadilisha herufi tatu. Kwa hivyo mpira ukaendelea bila kikapu.

Na ukaendelea vizuri kweli. Tarehe 5 Desemba 1987 Gor ilitoka sare 1-1 na Espérance ya Tunisia pale Kasarani, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, ikabeba Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kubeba kombe la bara. Waliokuwa vijana uwanjani siku hiyo, wenye miaka 30 wakati ule, sasa wanakaribia 70. Wale shujaa wa kupanda miti na kuta kuona mechi ni wazee sasa. Umewahi kujiuliza wanakula nini?

Huku kwetu tulipata pia mfano mwingine, wa timu ya kampuni. SoNy Sugar pale Awendo. Kiwanda cha sukari kinashikilia timu, timu inashinda ligi ya Kenya mwaka wa 2006, Awendo mzima unasherehekea. Raha sana. Lakini kiwanda kikiyumba, timu inayumba nayo. Mwaka wa 2019 SoNy ilishindwa kufika mechi tatu kwa sababu ya pesa, ikaondolewa kwenye ligi. Na mzee aliyelima miwa maisha yake yote alikuwa na shida ileile ya timu: anangojea malipo kutoka ofisi moja. Hapo hakukuwa na daftari la kijiji la kuwashika wote wawili.

Sasa tuache uwanja tuende nyumbani.

Utafiti wa serikali wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 ulionyesha kiwango cha HIV kwa watu wazima Homa Bay kilikuwa asilimia 19.6, na Migori asilimia 13. Nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Dawa zimefika na watu wanaishi, shukrani kwa wahudumu wa afya. Lakini miaka ya tisini, kabla ya dawa kufika kijijini, kizazi kizima cha katikati kilipungua. Wale ambao leo wangekuwa wanawatumia wazee pesa kila mwezi wamezikwa nyuma ya nyumba. Kwenye boma nyingi kulibaki watu wa ncha mbili tu: dani na wajukuu.

Dani ni shosh, nyanya, kwa Kiluo. Zamani kazi yake ilikuwa na heshima yake na nyumba yake. Kulikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee aliyeitwa pim, ambapo watoto walilala, wakasikia hadithi, wakafunzwa maisha. Pim alifundisha, na wengine wa boma wakalima na kumlisha. UKIMWI ulipopita, dani akabaki na kazi ya pim, na pia kazi ya baba, ya mama, na ya kulima. Ana miaka 72, ana wajukuu wanne, na sahani ikifika mezani yeye ndiye wa mwisho. Akisema ameshiba, usimwamini. Nimekulia nyumba kama hiyo upande wa Ndhiwa, na naijua hiyo sentensi: "Kuleni, mimi nilikula mapema."

Tena njaa yenyewe imejificha. Tuna ziwa, na watu wanasema wa ziwani hawawezi kulala njaa. Lakini mbuta mzuri anaenda kiwandani kukatwa minofu ya kuuzwa ng'ambo, na kinachorudi sokoni ni mgongo wazi, ile mifupa yenye kichwa na mkia. Omena inapanda bei. Mahindi ya mvua ndefu hupandwa Februari na Machi, yanavunwa Julai na Agosti, kwa hivyo mwezi wa tano na wa sita gala iko tupu na soko liko juu. Kijana ataruka kwenye nduthi atafute kibarua. Mzee atangoja.

Serikali ipo? Ipo, na lazima niseme ukweli. Mpango wa pesa kwa wazee ulianza kwa majaribio mwaka wa 2006, na mwaka wa 2018 ukafunguliwa kwa kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni nyingine. Ndiyo hiyo Inua Jamii. Zanzibar ilitutangulia mwaka wa 2016 na pensheni yake ya jamii kwa wazee wa miaka 70. Ni hatua kubwa. Dani wengi walishika pesa iliyoandikwa jina lao kwa mara ya kwanza maishani.

Lakini ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, unapata kama 66 kwa siku. Toa nauli ya kwenda kuzichukua. Na pesa ikichelewa, mwenye duka halichelewi daftari lake. Halafu kuna swali la umri. Katiba yetu, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji kutoka kwa familia na serikali, na Katiba hiyohiyo inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Pesa zinaanza 70. Hiyo miaka kumi ya katikati ule nini?

Sasa tulinganishe na mpira. Agosti 2025 tuliandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Mliona Kasarani. Tuliwapiga Congo, tukawapiga Morocco, tukawapiga Zambia, halafu Madagascar wakatutoa kwa penalti robo fainali. Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Sina wivu na wachezaji hata kidogo, wengi wao wanatoka nyumba kama zetu, na nina hakika kuna dani waliokula vizuri mwezi huo. Lakini nilipiga hesabu. Milioni moja ni miezi 500 ya Inua Jamii. Hiyo ni miaka 41 na miezi minane. Dani akianza kulipwa akiwa na miaka 70, atamaliza kupokea bonasi ya mechi moja akiwa na miaka 111.

Maana yake ni kwamba nchi ikiwa na shauku, pesa zinapatikana haraka. Shauku iko uwanjani. Kwa hivyo anayetaka njaa ya wazee ionekane, aende pale macho yalipo.

Na kuna watu wamefanya hivyo. Marekani, mwaka wa 1990, vijana wa kanisa moja kule Columbia, South Carolina, walisimama mlangoni na masufuria ya supu siku ya Super Bowl, fainali yao kubwa, wakaomba kila mtu dola moja kwa ajili ya wenye njaa. Vijana wa umri wenu. Wazo likaenea nchi nzima na likarudiwa kila mwaka siku ya fainali.

Mfano wa pili ndio unaniuma. Mwaka wa 2006 wakfu wa Stephen Lewis kule Canada ulianzisha kampeni ya nyanya wa Canada kuwasaidia nyanya wa Afrika wanaolea mayatima wa UKIMWI. Tangu hapo, katika mkoa wa British Columbia, kuna wanawake wazee wanaopanda baiskeli kila mwaka kutoka Campbell River mpaka mji wa Victoria, kilomita 275, wakichangisha pesa. Rudia hiyo polepole. Wamama wa miaka 60 na 70 wanaendesha baiskeli kwenda mji wa Victoria kwa sababu ya wazee kama wa kwetu, na sisi tulio kando ya ziwa la Victoria tunapiga vuvuzela na kurudi nyumbani.

AFCON 2027 inakuja hapa, Kenya, Uganda na Tanzania. Homa Bay sasa ina uwanja mpya, Raila Odinga Stadium, uliotumika kwa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2025. Macho yatakuwa kwetu. Pendekezo langu ni turudishe kikapu, tena tukirekebishe.

Kwanza, daftari kabla ya pesa. Matawi ya mashabiki yapo tayari Migori, Rongo, Awendo, Homa Bay, Oyugis, Mbita. Kila tawi lishike kata moja, likae na wahudumu wa afya wa kijiji, chifu na makanisa, liandike wazee walioachwa: wa miaka 60 mpaka 69, na wale wa 70 ambao hawajaingia kwenye orodha ya Inua Jamii. Mkuria aandikwe, Mluo aandikwe, Mkisii aandikwe. Hapo ndipo tutakuwa tumewashinda babu zetu wa Luo Union.

Pili, mechi. Tiketi siku hizi zinanunuliwa kwa simu, kwa hivyo kuongeza shilingi 20 kwa kila tiketi hakuhitaji ndoo mlangoni. Mashabiki 10,000 ni shilingi 200,000, sawa na Inua Jamii ya mwezi mmoja kwa wazee 100. Na mechi ichezwe mwezi wa tano ama wa sita, gala ikiwa tupu.

Tatu, kamera. Tafadhali tusimpange dani kwenye mstari juani, amebeba unga, huku mheshimiwa anapiga picha. Mtu ambaye maisha yake yote amesema "nilikula mapema" ili asiaibike, usimfanye tangazo. Pesa ziende kwa M-Pesa yake kimya kimya. Kinachofaa kuonyeshwa kwenye skrini ya uwanja ni nambari: wazee wangapi wameandikwa, wangapi wamelipwa, shilingi ngapi zimebaki.

Najua mtasema nini. Wa kwanza atasema pesa zitaliwa. Inawezekana, na ndiyo maana nimeanza na daftari la majina na nambari kwenye skrini. Babu zetu waliaminiana na pesa bila simu kwa sababu kila mtu alijua nani ametoa na nani amepokea. Sisi tuna simu, kazi hiyo imekuwa rahisi.

Wa pili atasema hiyo ni kazi ya serikali. Nakubaliana naye kabisa. Shilingi 20 za mashabiki haziwezi kumaliza njaa ya kaunti mbili. Mchango wa uwanjani una kazi nyingine, kuwafanya wazee wahesabike. Tukiwa na orodha ya majina kutoka kila kata, tunaipeleka kwa wawakilishi wetu wakati wa bajeti na kuuliza: hawa wa miaka 60 mpaka 69 mnawaweka wapi? Na 2,000 itabaki 2,000 mpaka lini? Ukienda na hisia utapewa soda na kuambiwa asante kwa kuja. Ukienda na daftari na kelele ya uwanja nyuma yako, utasikizwa.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii ni ndogo. Kama uko kwenye grupu la tawi lolote la mashabiki, la Gor, la Ingwe, la SoNy, la timu ya mtaa, uliza swali moja tu: tuna majina ya wazee wangapi? Jibu likiwa sifuri, anza na jina la kwanza. Nadhani unalijua tayari.